Gramu Sita

Chai ilimiminwa theluthi ya kibakuli, kama heshima kwa mgeni inavyotaka, wala si tone zaidi. Hulkar alikiinua kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto akauweka kifuani, akamtazama Bi Tojihon katikati ya nyusi, akahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kisha akatabasamu.

"Karibu chai, mama. Magoti yanaendeleaje?"

Bi Tojihon alikipokea kibakuli lakini hakukinywa. Alikuwa mwanamke mfupi mnene, mwenye macho ya mtu anayenunua tikiti maji: anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Hii ilikuwa safari yake ya tatu katika nyumba hii ya Margilan kumposea mwanawe Bahrom, na safari ya tatu ndiyo ya kuvunja mkate. Mikate yenyewe ilikuwa miwili, ya duara, imelala katikati ya kitambaa cha chakula chini ya shali nyeupe. Ukivunjwa, Hulkar ni mchumba wa mtu. Usipovunjwa, majirani watakuwa na la kutafuna mpaka zabibu zikaushwe.

"Magoti," alisema Bi Tojihon. "Safari ya kwanza uliniuliza magoti. Safari ya pili, magoti. Leo tena. Binti, magoti yangu yamekuwa mashuhuri kuliko mimi mwenyewe."

Mama mdogo Zamira alicheka upesi, kile kicheko cha kufunikia shimo. "Heshima hiyo, dada. Mtoto huyu ana huruma, akimwona mtu anachechemea hapati usingizi."

"Mimi sichechemei."

"Basi ni dua zake hizo."

Hulkar alishika buli kwa mikono miwili. Magoti yalikuwa namba nne kwenye orodha yake: muulize mgeni jambo alilowahi kulitaja. Orodha haikusema aulizwe mara ngapi. Alimtupia jicho Bahrom, aliyekaa upande wa pili wa kitanda cha uani cha kukalia wageni, chini ya mzabibu, magoti yake mwenyewe yakiwa juu kama ya panzi. Bahrom alikuwa anakitazama kibakuli chake kitupu. Alikuwa amekwisha kunywa ile theluthi kwa mkupuo mmoja, na kiu ilikuwa bado imemkalia usoni.

"Hulkar," aliita mama yake kutoka jikoni. "Njoo unisaidie sukari."

Sukari ilikuwa tayari imekwisha kupelekwa. Hulkar alilijua hilo, na alijua pia kwamba "njoo unisaidie" maana yake ni "njoo nikuseme". Hilo lilimchukua mwaka mzima kulijifunza.

Bi Gulnora alikuwa amesimama kati ya tanuri na karai la sambusa, jasho likimtiririka. "Usimwulize tena magoti."

"Sawa."

"Na lile neno lisitoke. Umenisikia? Lile neno."

"Usonji."

"Nimesema lisitoke, wewe unalitoa. Tutawaambia baada ya harusi."

"Lini baada ya harusi?"

"Baadaye."

"Baadaye ni siku ngapi, mama?"

Bi Gulnora alimfuta mwanawe unga shavuni, unga ambao haukuwapo, na hakujibu. Huo nao ni msemo, kama unaujua. Hulkar aliujua sasa. Maana yake: kamwe.

Mambo yake yalikuwa hivi. Ana miaka thelathini na mmoja, na katika karakana za hariri za Margilan hapakuwa na mtu aliyezisoma nyuzi kama yeye. Nyuzi elfu mbili zikitandazwa kwenye fremu zingoje kufungwa na kutiwa rangi, yeye aliupita mstari kwa macho akasema, huu umefungwa unene wa kucha nje ya mahali pake, na ukipimwa ni kweli. Lakini salamu zilimshinda. Pale watu wakikutana hurushiana maswali kama wanaotupiana njugu, hujambo, hujachoka, watoto wazima, kazi inakwendaje, nyumbani salama, wote wawili kwa pamoja, na hakuna anayengoja jibu. Hulkar tangu utotoni alikuwa anajibu. Yote, kwa mpangilio. Watoto sina, nimechoka kidogo, kazi imekwama kwa sababu rangi nyekundu imekwisha, mama anaumwa tumbo. Watu wakawa wanavuka barabara wakimwona. Na aliyemwambia mlangoni "ingia unywe chai" huku anafunga kufuli, Hulkar aliingia akanywa. Kuna mwanamke alikaa naye saa nne, maskini ya Mungu, na mwanamke yule alikuwa njiani kwenda mazishini.

Miaka miwili nyuma daktari wa Tashkent alikuwa amelipatia jambo lile jina. Mama yake alilia mpaka kituo cha treni. Hulkar hakulia. Alijiona kama mtu aliyevaa viatu vya wenzake maisha yake yote, leo kaambiwa namba ya mguu wake. Tangu hapo kila Alhamisi alipanda basi kwenda Fergana, kwenye chumba kilicho juu ya duka la dawa, ambako Mwalimu Larisa aliwafundisha watu wazima kama yeye jinsi ya kusalimu, kuuliza nawe ukaulizwa, na kuujua mwaliko wa kweli na ule ambao ni pumzi tu.

Alijifunza vizuri. Pengine vizuri kupita kiasi, maana kuna asubuhi alijitazama kwenye kioo akashindwa kujua ni nani anayetabasamu mle. Na masomo yale yalimwachia ugonjwa mwingine ambao hakuwa nao. Zamani alimwamini kila mtu. Sasa alikuwa amefundishwa kwamba chini ya neno kuna neno, na hakuna neno alilopewa asiligeuze kuangalia tumbo lake.

Chini ya maneno ya Bahrom kulikuwa na nini? Hilo ndilo lililomnyima raha. Na mama mdogo Zamira hakumsaidia.

"Mwanamume wa miaka thelathini na mitano," Zamira alikuwa amemnong'oneza asubuhi wakikunjua shali. "Meno yote anayo, kazi anayo, hajaoa. Kuna kitu, mwanangu. Ama ana mke huko ng'ambo, Kazan, ama analala na soksi."

"Alimuuguza baba yake miaka tisa."

"Hivyo ndivyo anavyosema."

Bahrom alikuwa fundi wa mizani. Alizunguka masoko na maduka kuzinyoosha mizani zilizopinda tabia. Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu alifika karakana ya kina Hulkar, akaining'iniza ile ya hariri, akasema mbele ya watu, "Mizani yenu inadanganya gramu nne."

"Sita," alisema Hulkar bila kuinua kichwa kwenye nyuzi zake.

Wenzake waliinamia kazi zao kwa aibu. Bahrom aliipima upya. Akaipima mara ya tatu. Kisha alimtazama Hulkar, si katikati ya nyusi wala wapi, alimtazama vidole, vile vidole vilivyokuwa vinafunga uzi, akasema, "Sita." Mtu angedhani ameokota pete. Siku ile ile alimwomba chai akampa kikombe chake cha bati. "Kijaze mpaka juu, dada yangu. Nikipewa kidogokidogo nasahau nilichokuwa napima."

Hulkar alikijaza. Ndiyo siku ya pekee katika miaka miwili ambayo hakuhesabu kitu.

Aliporudi uani, Bi Tojihon alikuwa ameshagonga tikiti kila upande. "Waacheni vijana waongee kidogo," alisema, macho yakiwa kwenye shali ya mikate. "Nasi wazee tubaki tuongee."

Vijana walikwenda hadi kwenye fremu ya nyuzi iliyoegemezwa ukutani, mwisho wa ua, kila mtu akiwaona na hakuna anayewasikia. Ndivyo adabu inavyotaka, na ndivyo majirani wanavyotaka pia.

"Mzabibu wenu umestawi," alisema Bahrom.

"Una majani hayo tangu mwezi wa nne."

"Tangu mwezi wa nne," alirudia Bahrom polepole, akatikisa kichwa mara mbili.

Hulkar alimgeukia. Akamjaribu. "Jana nilifunga mafungu mia sita."

"Mafungu mia sita." Kichwa mara mbili. Na macho yake yalikuwa yametua katikati ya nyusi za Hulkar. Hulkar alihesabu pamoja naye bila kutaka. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye tatu Bahrom alitabasamu.

Tabasamu lile lilikuwa la Hulkar mwenyewe. Kalivaa mtu mwingine, mbele yake, mchana kweupe.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kunitazama hapa. Tatu, kisha kucheka. Kurudia neno la mwisho. Kichwa mara mbili. Hilo ni somo la pili na la tano. Nani kakupa?"

Bahrom alikuwa mweupe, na mtu mweupe akiona haya hana pa kuificha. Masikio yaliwaka. Alitia mkono mfukoni akatoa kipeperushi kilichokunjwa mara nne, pembe zimechakaa.

"Alhamisi moja nilikuwa Fergana," alisema. "Narekebisha mizani ya duka la dawa. Nikakuona unapanda ngazi. Nitasema ukweli, Hulkar, nilidhani una mwanamume huko juu."

"Huko juu kuna viti kumi na viwili na ramani ya dunia."

"Nilikuja kujua. Ulipoondoka nilipanda nikasoma karatasi ya mlangoni."

"Tarehe ngapi?"

"Ishirini na nane, mwezi wa tano."

"Siku arobaini na tano." Sauti ya Hulkar ilikuwa tambarare, ile ambayo Mwalimu Larisa humwambia aipandishe mwishoni. Hakuipandisha. "Siku arobaini na tano umenipima bila kuniambia. Mwalimu Larisa kakwambia nini juu yangu?"

"Alinifukuza. Kasema mambo ya watu wake si ya sokoni. Hiki kilikuwa kwenye rundo la ngazini, cha kila apitaye."

"Ukakichukua ili ujue namna ya kunifuga."

"La."

"Kama farasi. Kuna wanaosoma kabla ya kununua."

"La, Hulkar." Aliacha kumtazama nyusi. Macho yakaanguka kwenye vidole vyake, na hapo sauti yake ikawa ya kawaida. "Nilitaka kujua mzigo wenyewe una uzito gani. Nikasema nitaishi kwa karatasi hii siku nzima sokoni. Kila mtu nimtazame, nihesabu, nirudie neno, niulize swali."

"Ikawaje?"

"Kufika saa sita kichwa kilikuwa kinavuma kama pampu. Nikamfokea muuza vitunguu. Mzee wa watu hakunifanya kitu, alinisalimu tu." Akakikunja kipeperushi. "Nusu siku. Wewe una miaka miwili."

"Thelathini na mmoja," alisema Hulkar. "Miaka miwili ndiyo nimefundishwa. Mingine nilikuwa nabahatisha."

Upepo ulizigusa nyuzi kwenye fremu. Hulkar alizishika zisicheze. Alitaka kumwamini mwanamume huyu, na hapo hapo akawa anaigeuza ile habari ya muuza vitunguu kuangalia upande wa chini. Ilikuwa nzuri. Vitu vizuri ndivyo vinavyotakiwa kuangaliwa.

"Kaka Bahrom. Unamtaka yupi? Huyu anayemimina theluthi na kuuliza magoti, au yule aliyesema sita?"

"Yule wa sita."

"Mwanamume yeyote angejibu hivyo."

"Angejibu."

"Basi nitajuaje?"

Bahrom alifikiri, na hakuharakisha. "Sijui," alisema. "Hiyo mizani sina."

Hilo halikuwa kwenye kipeperushi. Hulkar alikuwa bado analigeuza wakati mama mdogo Zamira alipowaita kwa sauti ya asali.

Wazee walikuwa wamekaa sawasawa. Shali ilikuwa imefunuliwa nusu, na mkate wa juu ulionyesha uso wake, wenye alama za muhuri zilizonyunyiziwa ufuta. Bi Tojihon alikuwa ameweka kiganja juu yake, lakini hakuuinua.

"Mama Hulkar," alisema. "Mimi mtu mzima, niwie radhi. Binti yako anamimina vizuri, anajibu vizuri, hajakosea hata tone. Nimelea mabinti watatu, wote wamenimwagia chai. Huyu wa kwako hamwagi. Mtu asiyemwaga kabisa ananitia hofu. Kabla sijavunja mkate huu, kuna jambo ndani ya nyumba hii ambalo sikuambiwa?"

"Hakuna," alisema Bi Gulnora.

Hulkar alimtazama Bahrom. Bahrom alijua, na angeweza kusema. Angeweza pia kuitikia, "Kweli mama, hakuna," na mkate ukavunjika. Hakufanya lolote. Alikuwa ametazama vidole vya Hulkar tu, midomo imekauka, anangoja. Kanyamaza kwa kunitega, Hulkar alijiuliza, au kanyamaza kwa sababu neno ni langu?

Hakujua. Alichojua ni kimoja, kwamba mtu huyu ana kiu tangu saa tatu asubuhi.

Alichukua buli. Akakivuta kibakuli cha Bahrom, akamimina. Chai ilifika theluthi, ikapita. Ikafika nusu, ikapita. Mama mdogo Zamira alishika kifua. Chai ikapanda mpaka ukingoni, ikajaa pomoni, ikafanya mgongo juu kidogo, ikatetemeka na haikumwagika. Hulkar akakisukuma mbele ya mgeni.

Hata mtoto mdogo wa mtaa ule anajua maana yake. Mgeni akipewa kibakuli kilichojaa, kaambiwa: kunywa, uvae viatu, njia unaijua.

Bi Tojihon aliondoa kiganja kwenye mkate. "Haya," alisema taratibu. "Tumefukuzwa, mwanangu. Na kwa adabu."

"Mkono umeteleza, dada," alidakia Zamira. "Buli hili lina mdomo mpana, mimi mwenyewe juzi..."

"Haukuteleza," alisema Hulkar. "Anapenda kijae. Aliniambia tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Mkiwa mnampa kidogokidogo anasahau anachopima." Akavuta pumzi. Hakumtazama mtu nyusi, alilitazama lile buli. "Mama, mimi nina usonji. Kumimina theluthi nilifundishwa. Magoti yako niliyatoa kwenye orodha. Watu wanasema jambo huku wamelifunika shali, nami naiona shali tu, sijui chini kuna mkate au kuna jiwe. Kwa hiyo nimejifunza kukisia. Mara nyingi napatia. Lakini nachoka, na siku hizi simwamini mtu. Hata mwanao simwamini vizuri. Hilo ndilo jambo ambalo hukuambiwa."

Bi Gulnora alifunika uso kwa ncha ya ushungi.

Bahrom alikiinua kile kibakuli kwa mikono miwili, akanywa. Hakukitua mpaka kilipokauka. Kisha alikirudisha mbele ya Hulkar. "Tena," alisema. "Kijaze."

"Wewe ulijua," mama yake alimwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mizani ya duka la dawa."

"Unaona sasa," Bi Tojihon aliuambia mzabibu. "Nimekuja kuwachunguza watu, kumbe mwizi nimekuja naye." Akamgeukia Hulkar, akamtazama muda mrefu, wala hakuhesabu. "Binti. Nikuulize, na unijibu kama ulivyo. Magoti yangu, ungependa kweli kujua yanaendeleaje?"

"Hapana, mama."

Zamira aliguna. Bi Tojihon aliinua mkono kumnyamazisha.

"Ishirini na tano," alisema. "Miaka ishirini na tano watu wananiuliza habari za magoti, na hakuna hata mmoja anayetaka kujua. Wewe ndiye wa kwanza kukiri." Alisukuma kibakuli chake chenye ile theluthi iliyopoa. "Mwaga hii. Nijazie ya moto."

Hulkar hakusogea. Aliliangalia neno lile juu na chini. "Ukiimaliza utaondoka?"

"Nikiimaliza utanijazia tena. Nina kiu, mwanangu. Safari tatu nimekuja kwenu, safari tatu nimeheshimiwa, sijanywa hata kibakuli kimoja kamili."

Hulkar akamimina mpaka ukingoni. Safari hii ilimwagika kidogo kwenye kitambaa, karibu na zabibu kavu, na Bi Tojihon alilitazama lile doa kwa ridhaa ambayo hakuwa ameionyesha mwezi mzima. Alikunywa, akafuta midomo, akauinua mkate.

"Shika upande wako, mama Hulkar. Na kuanzia leo ukiniambia hakuna, nitampa mwanangu apime."

Bi Gulnora alishika, machozi na yote. Wakavuta. Mkate ukalia kavu, ufuta ukaruka juu ya kitambaa, na Zamira akaanza kuwatangazia majirani ambao walikuwa wamekwisha kujua.

Katika kelele zile Bahrom alisogea mpaka ukingo wa kitanda, akapokea kipande chake kutoka mkononi mwa Hulkar, na vidole vyao vikakaa pamoja juu ya mkate muda mfupi kuliko wote wawili walivyotaka.

"Bado nakushuku," Hulkar alimwambia, kwa sauti ya chini.

"Kiasi gani? Gramu nne?"

"Sita."